Alama za Pinki za Mtaa wa Ferrier

Lyle Pettifer alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha basi, anakula pai ya nyama kwa uangalifu ili mchuzi usimchuruzikie kwenye shati la mwisho alilobaki nalo safi, pale alipoiona bahati yake ikishuka kwenye gari.

Walishuka wanaume wawili wenye vizibao vya reflekta. Mmoja alikuwa anapiga miayo. Mwenzake alitikisa kopo la rangi ya kupuliza, akainama, akachora duara moja la bluu kwenye njia ya waenda kwa miguu, na mshale mdogo unaoelekea nyumba namba kumi na nne. Wakapanda gari wakaondoka. Kazi nzima haikufika dakika mbili, na hakuna aliyewasemesha.

Gari lilipokata kona, mapazia ya mtaa mzima yakaanza kutikisika. Akatoka bwana mmoja na kikombe cha chai mkononi. Akatoka mama mwenye taulo kichwani. Wakatoka wengine watano. Wakalizunguka lile duara, wakaliinamia, wakalitazama huku na huku, mpaka mmoja akalipigia magoti na kulinusa.

"Ni ya treni," akasema wa kikombe.

"Nani kakwambia?"

"Mshale huo hapo! Treni inapita hapa."

Lyle akaacha kutafuna. Watu hawa walikuwa na karibu dakika mbili nzima za kuwauliza wenye rangi, wakajificha nyuma ya mapazia. Sasa walikuwa wanaiuliza rangi.

Tusiwacheke sana. Tarrant Park, huku magharibi mwa Sydney, ilikuwa imengoja treni ya chini ya ardhi kwa miaka minane. Njia ya zamani kutoka mjini ilikomea upande wa mashariki. Njia mpya ya uwanja wa ndege ilikomea upande wa kusini. Katikati lilibaki pengo, na abiria walilivuka pengo hilo kwa basi, na masanduku yao magotini. Kila mwaka walitangaziwa kwamba njia zitarefushwa na kuunganishwa, ila hawakuambiwa zitakutania wapi. Mara ilisemekana treni za huku ni pana kuliko za kule. Mara umeme wake hauelewani. Mara kuna kijito kimejificha chini ya ardhi na hakuna anayejua kimelala upande gani. Mtu akingoja miaka minane bila jibu, huanza kulisoma jibu popote, hata chini ya viatu vyake.

Lyle akamaliza pai yake, akajifuta vidole kimoja kimoja, akaenda duka la vifaa vya ujenzi. Alinunua kizibao cha reflekta kwa bei ya pai mbili, kofia ngumu, koni sita za barabarani, ubao wa kubania karatasi, na kopo la rangi. Bluu ilikuwa imeisha. Akachukua pinki.

Kizibao cha reflekta ni nguo ya ajabu katika nchi hii. Ukivaa suti, watu watakuuliza unamtafuta nani. Ukivaa kizibao, wanakupisha. Unaweza kuingia nacho hata kwenye harusi ya watu, ukapima ukuta kwa futi, ukatikisa kichwa kwa masikitiko, ukatoka, na bwana harusi mwenyewe akakushikia mlango.

Kesho yake saa tatu asubuhi, mchana kweupe, Lyle akachora duara la pinki mbele ya namba kumi na nne. Hakuwa hata amemalizia mshale pale mwenye nyumba alipotoka na ndara miguuni.

Huyu alikuwa Kelvin Stoddart, muuza vigae vya bafuni, mtu mwema kabisa asipokuwa karibu na faida.

"Habari za kazi, bosi?"

"Nzuri." Lyle hakuinua macho.

"Hiyo alama ni ya treni?"

"Alama gani?"

"Hiyo unayochora!"

Lyle akaitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Siwezi kusema, ndugu yangu. Nimekula kiapo."

Kelvin akatazama kushoto, akatazama kulia, akasogea. "Sisi wawili tu hapa."

Lyle akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyebeba siri ya serikali tangu alfajiri na mgongo unamuuma. "Basi nikwambie kidogo. Tatizo ni kuunganisha. Watu wanadhani ni kama kuunga kamba, unapiga fundo, umemaliza. Njia ya zamani imelala mita kumi na nane chini. Ile mpya iko thelathini na mbili. Wanataka wajue kama katikati hapo ni mwamba au mfinyanzi. Ikiwa mwamba, kituo kinakaa huku. Ikiwa mfinyanzi, kinasogea kule." Akaelekeza kalamu kwa jirani.

"Kinasogea kiasi gani?"

"Hatua kumi. Ishirini. Mlango wa kituo unaweza kufungukia kwako, unaweza kufungukia kwa wale wenye mbwa."

"Wale wenye mbwa hata treni hawapandi!"

"Ardhi haijui hilo."

Kelvin alikuwa ameshaiona nyumba yake ikipanda bei mara mbili, yeye mwenyewe kaiuza, kahamia pwani ya kaskazini, anavaa kaptula mwezi wa sita, wakati huku wengine wanatetemeka kwa baridi. "Na nani anaamua?"

"Wakubwa. Ila wakubwa wanaamua kwa ramani, ramani inatoka kwenye alama, na alama..." Lyle akatikisa kopo lake polepole. Chaka, chaka, chaka.

Mkono wa Kelvin ukaingia mfukoni wenyewe.

"Utoe mkono huo, ndugu yangu!" Lyle akang'aka. "Unataka nifukuzwe kazi? Mimi sipokei pesa. Sijawahi." Akageuka upande, kachukia kweli. Kisha macho yake yakaangukia kibanda cha gari kando ya nyumba. "Ila ile karavani pale. Bado inatembea?"

Karavani ile, chumba cha magurudumu chenye vitanda viwili na jiko, ilikuwa nyeupe yenye mstari wa kijani, imeoshwa mpaka inang'aa.

"Ya mama mkwe," Kelvin akasema. "Inakaa tu."

Hapo Kelvin alisema uongo, na aliujua. Mama mkwe wake, Nola Frawley, mwenye miaka sabini na sita, aliishi katika kijumba cha uani nyuma ya nyumba ile. Karavani aliinunua kwa kazi yake mwenyewe, miaka kumi na mmoja ya kuuza maandazi kwenye kantini ya shule. Mapazia yake aliyashona kwa mkono, ya manjano, kila moja likiwa na ndege mnene mwenye mdomo mkubwa. Na kila mwaka, Jumatano ya kwanza ya Juni, yeye na rafiki yake Assunta Bonello waliifunga nyuma ya pikapu na kwenda mwendo wa siku mbili mpaka Lightning Ridge, kuchakura changarawe kutafuta opali, mawe ya thamani yanayometameta rangi zote. Walikuwa wamekwenda miaka kumi na tisa. Jiwe kubwa kuliko yote walilowahi kupata lilikuwa sawa na punje ya dengu. Hawakujali. Nola alikuwa akisema miezi kumi na moja na nusu ya mwaka ni ya kungoja, na wiki mbili ndiyo mwaka wenyewe.

"Mama," Kelvin alimwambia jioni ile, macho yakiwa kwenye sahani, "karavani nimeipeleka kwa fundi wa breki."

"Breki zina nini?"

"Ndiyo anaangalia."

"Aangalie upesi. Tunaondoka Jumatano ya kwanza."

"Itakuwa imerudi zamani, mama."

Ilikuwa wiki tatu kabla.

Karavani haikuenda mbali. Kelvin mwenyewe aliivuta mpaka kiwanja kitupu mwisho wa mtaa, jirani na shule. Lyle akaizungushia koni sita, akaziba vioo kwa magazeti, akabandika mlangoni karatasi iliyoandikwa OFISI YA MRADI, akahamia ndani. Karavani nyeupe za namna hiyo zimejaa nchi hii, na Nola alijua yake iko kwa fundi. Hakuna mtu wa Tarrant Park anayevuka koni.

Kutoka hapo kazi ikajiendesha. Namba thelathini na moja aliishi Clive Ormsby, mkusanyaji wa saa za ukutani. Alikuwa nazo sitini na mbili, na alizipangusa kwa pamba na manyoya ya kuku. Huyu hakutaka treni hata kuisikia.

"Mtikisiko mmoja tu, bwana Pettifer! Mmoja! Saa zangu zitaachana kama watu wa talaka."

"Nakuelewa. Ila udongo wa mbele kwako ni mwamba mtupu. Mwamba unaipenda treni."

"Haiwezekani ukasogea na alama zako? Ukaelekea kule kwa kina Stoddart?"

Lyle akalikuna shavu. Alikuwa ameshalipwa kuelekea kwa kina Stoddart. Sasa alikuwa analipwa tena kwa safari ileile. "Ni vigumu," akasema kwa huzuni, "lakini saa ile yenye farasi wa shaba naiona nzuri."

Wenye mbwa walimpa mashine ya kahawa ili mlango urudi kwao. Mama wa taulo alitoa fimbo tatu za kuvulia samaki za mumewe, mumewe akiwa kazini. Mumewe naye, bila kujua, alitoa cherehani ya mkewe. Alama za pinki zikaanza kutembea. Jumatatu zilikuwa mbele ya kumi na nne, Jumanne zimevuka barabara, Alhamisi zimerudi na kuzunguka mti. Watu walipishana wakienda kuzitazama asubuhi kama wanaotazama hali ya hewa, wakisalimiana kwa tabasamu la mtu ambaye keshapanga mambo yake. Bwana mmoja wa barabara ya pili, aliyekuwa na gari kuukuu lenye nguvu, aliahidi kumletea, kama malipo yake ya alama, Alhamisi ya kwanza ya Juni. Lyle alikuwa akingoja hilo tu. Ijumaa wahandisi wa kweli walikuwa na mkutano na wakazi, na kufikia Ijumaa yeye alitaka awe Queensland, jimbo la kaskazini, amenyoosha miguu kwenye jua, na karavani yake nyuma yake.

Mtu mmoja tu mtaani hakumpa kitu, kwa sababu Lyle hakuwahi kumwomba. Kila asubuhi na kila alasiri Nola Frawley alivaa kizibao chake cha reflekta, akashika kibao chake cha duara kilichoandikwa SIMAMA, akawavusha watoto wa shule mwisho wa mtaa. Alimvusha na Lyle pia, kila siku, akienda kununua pai. Lyle alikuwa akisema asante kwa kile kibao.

Nola ni mtu wa klabu ya kubingirisha mipira. Mchezo huo unachezwa kwenye majani yaliyokatwa mafupi kama zulia, na mipira yake mizito imelemea upande mmoja, kwa hiyo hairuki wala haiendi moja kwa moja. Inakwenda ikijipinda taratibu, mpinde mmoja mrefu, mpaka inalala. Mtu aliyeibingirisha kwa miaka arobaini anaujua mpinde kama anavyojua mwandiko wake.

Nola naye alikuwa akizitazama alama. Kila akimaliza kuvusha watoto alizihesabia hatua na kuziandika nyuma ya kadi ya mchezo. Jumamosi kabla ya safari akaiweka kadi juu ya meza ya klabu, kati ya sahani mbili za soseji na vitunguu, na mbele ya Assunta.

Assunta ni Mmalta, mfupi na mpana, aliyeendesha lori la kabichi la marehemu mumewe kwenda sokoni kwa miaka thelathini. Akavaa miwani.

"Hii nini? Mchoro wa mtoto?"

"Hii ni treni."

"Treni gani inazunguka mti?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Treni yenye urefu wa uwanja na nusu wa mpira! Hiyo inataka mpinde kama wa kwetu, mpana, taratibu, uanze kujipinda tangu kule makaburini. Hii hapa inakata kona kama kuku anayefukuzwa."

"Basi huyo mpima ni mjinga."

"Angekuwa mjinga angekosea upande mmoja. Huyu anakosea kila upande kwa zamu."

Assunta akaacha soseji yake. "Mwizi?"

"Ngoja nikwambie la pili. Jana upepo ulifungua dirisha la ile ofisi yake. Mapazia ya manjano, Assunta. Na ndege."

Kila mmoja akazifikiria zile breki.

Jioni ile Kelvin alikiri kabla hata hajaulizwa swali la pili. Alikiri akiwa amesimama, na taulo la vyombo begani, akageuka rangi ya zile alama zake.

"Nilitaka mlango wa kituo ufungukie kwetu, mama. Nyumba ingepanda bei. Hata wewe ungefaidi."

"Ningefaidi nini?"

Kelvin akalikunja taulo la vyombo mara nne.

"Mimi nina Jumatano moja kwa mwaka, Kelvin. Moja. Nawe umeigawa kwa mtu wa rangi."

"Twende polisi?" akauliza Assunta, aliyekuwa amekaa jikoni na mkoba wake mapajani.

"Polisi wataichukua waiweke uani kwao, ushahidi, miezi sita. Sisi tunaondoka Jumatano." Nola akamgeukia mkwewe. "Kaa hapo. Nieleze kila neno alilokwambia. Mwamba, mfinyanzi, mita ngapi, kila kitu. Taratibu, naandika."

Jumatano ya kwanza ya Juni ikaamka na baridi kavu na jua zuri. Nola alivusha watoto wa asubuhi kama kawaida. Saa nne pikapu ya Assunta ikarudi nyuma mpaka kwenye koni, ikiwa na taa ya njano inayozunguka juu ya kichwa chake, kumbukumbu ya enzi za kabichi. Wakashuka wanawake wawili wenye vizibao vya reflekta. Mmoja alikuwa na ubao wa kubania karatasi. Mwingine alisogeza koni mbili kwa mguu, bila kuomba ruhusa, na Lyle alipoliona hilo kupitia dirishani akavaa kofia yake ngumu haraka. Hao walikuwa watu wa kazi kweli.

Akatoka na kikombe cha kahawa. "Naam?"

"Wewe ndiye Pettifer?" akauliza Nola, akisoma kwenye ubao.

"Ndiyo mimi."

"Tumekuja kuhamisha hii."

"Kuhamisha... ofisi?"

"Hukupata taarifa? Ilitumwa jana."

Mpima wa kweli angesema sikupata, nionyeshe karatasi. Lakini mtu wa uongo huogopa karatasi kuliko mbwa. "Niliipata," akasema Lyle. "Niliipata, ila sikujua ni mapema hivi."

"Mashine ya kutoboa inafika saa tano. Sampuli ya udongo. Si unajua mwenyewe, njia ya zamani iko mita kumi na nane chini, mpya thelathini na mbili, wanataka wajue katikati hapo ni mwamba au mfinyanzi."

Kikombe cha Lyle kikabaki hewani.

Mita zile alizitoa kichwani mwake, asubuhi moja, akiwa na njaa. Na sasa zilikuwa zinasomwa kwenye ubao na mama mwenye kizibao. Akatazama ardhi chini ya viatu vyake kwa heshima mpya. Kumbe ni kweli! Kumbe treni inapita hapa, na yeye, kwa kipaji chake tu, alikuwa amepatia mpaka mita! Akaanza kuhesabu haraka ni nyumba gani ya mtaa ule ingeweza kununuliwa leo kabla wenyewe hawajajua. Queensland ikarudi nyuma kidogo.

"Dada," akanong'ona, "kwa hiyo kituo kitakuwa hapahapa?"

Nola akatazama kushoto, akatazama kulia. "Siwezi kusema, mwanangu. Nimekula kiapo."

"Nakuelewa! Nakuelewa kabisa." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Nitoe vitu vyangu?"

"Usijisumbue," Assunta akaitika kutoka nyuma, mikono tayari ipo kwenye kulabu ya kuvutia. "Tunaisogeza tu pembeni. Saa nane mashine ikiondoka tunairudisha. Au hutuamini?"

"Hapana, hapana! Ngoja niwasaidie."

Akasaidia kweli. Aliinua mguu wa mbele wa karavani, akafunga mnyororo wa usalama, akapiga gurudumu teke na kulisifu. Ndani, saa ya Clive ikagonga saa nne na nusu. Kulikuwa na magari yanayopita, kwa hiyo Nola akamkabidhi kibao chake cha SIMAMA.

"Zuia hao, mwanangu. Ukishatupitisha, kaa hapa ulinde tundu. Mtu asikanyage mpaka turudi."

Lyle Pettifer akaingia katikati ya barabara, kifua mbele, akainua kibao. Magari yakasimama pande zote mbili. Karavani nyeupe yenye mstari wa kijani ikatoka taratibu, ikakata kona kwa mpinde mmoja mpana na mzuri, mapazia ya manjano yakipepea, na Lyle akaipungia mkono mpaka ilipopotea.

Saa tano mashine haikuja. Saa sita Lyle alijiambia kazi za ardhi ndivyo zilivyo. Saa nane akaanza kutazama upande ilikokwendea karavani, kisha upande mwingine, kwa ajili ya haki. Alikuwa na njaa, lakini pai ilikuwa ng'ambo na yeye alikuwa analinda tundu ambalo bado halijatobolewa.

Saa tisa kasoro akaja Kelvin Stoddart, anatembea kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Alikuwa amevaa kizibao cha reflekta kipya, bado kina mikunjo ya dukani.

"Nipe hicho kibao," akasema.

"Kibao cha mradi hiki, ndugu yangu."

"Ni cha mama mkwe wangu. Ameniachia kazi ya kuvusha watoto wiki mbili, asubuhi na jioni. Ndiyo adhabu yangu."

"Mama mkwe wako?"

"Yule aliyekupa! Amekuvusha hapa wiki tatu, kila siku. Hukuwahi kumtazama usoni?"

Lyle akajaribu kuukumbuka uso. Alikumbuka rangi ya njano, mistari miwili ya fedha, na kibao.

"Karavani iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Saa hizi itakuwa imeshapanda milima. Inakwenda Lightning Ridge na mwenye nayo."

"Lakini alijua mita! Kumi na nane! Thelathini na mbili!"

"Nilimwambia mimi. Uliniambia wewe."

Kabla Lyle hajajibu kengele ya shule ikalia, watoto themanini na zaidi wakamiminika mpaka ukingoni mwa barabara, wakasimama, wakaitazama ile kofia ngumu kwa matumaini. Hakukuwa na la kufanya. Lyle akainua kibao. Kelvin akanyoosha mikono. Tapeli na mwenye tamaa, vizibao viwili bega kwa bega, wakawavusha watoto wa Tarrant Park bila hata mmoja kudondosha kofia, na mwalimu aliyekuwa zamu akawashukuru kwa moyo wao wa kujitolea.

Vitu vya watu vilivyokuwa ndani ya karavani havikufika Lightning Ridge. Nola na Assunta walikuwa wamepitia klabuni na kuvishusha stoo, na karatasi juu yake: kila mwenye chake aje achukue, ila aseme mbele ya watu alikitoa kwa nani na kwa sababu gani. Siku mbili stoo haikuingia mtu. Ijumaa usiku, kwenye bahati nasibu ambayo kila wiki zawadi yake ni sinia la nyama, klabu ikaweka vitu hivyo badala ya nyama. Haijawahi kuuza tiketi nyingi namna ile. Clive Ormsby alinunua arobaini, akashinda mashine ya kahawa. Wenye mbwa wakashinda saa. Mpaka leo wanatazamana toka ng'ambo ya barabara, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kusema.

Na wahandisi wakafanya mkutano wao, wakatandika ramani. Njia zitaungana nje kabisa ya Tarrant Park, kwa mpinde mmoja mrefu, taratibu, unaoanzia kule makaburini. Mtu mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, akauliza lile duara la kwanza, la bluu, mbele ya namba kumi na nne, lilikuwa la nini.

"La maji," mhandisi akajibu. "Bomba linavuja. Hamkuwauliza?"

Lakini Lyle hakuwepo kuyasikia hayo. Jumatano ileile alitembea kwa miguu mpaka mwisho wa njia ya zamani, akashuka ngazi, akasimama kwenye jukwaa la kungojea treni na shati lake la mwisho, ambalo sasa nalo lilikuwa na mchuzi. Hakuwa na karavani, hakuwa na saa wala kahawa. Kizibao alikuwa bado amekivaa. Alikuwa amesahau.

Mzee mmoja mwenye sanduku akamsogelea kwa adabu.

"Samahani, bosi. Treni ya kwenda mjini inakuja saa ngapi?"

Lyle akamtazama, halafu, kwa mara ya kwanza tangu avae kitambaa kile, akasema kweli.

"Sijui, mzee wangu. Na mimi nangoja tu."

Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwa mkewe. "Nilikwambia," akasema. "Hawa watu wa mradi kamwe hawakwambii kitu."